Kuifuata Sindano ya Miezi Mitatu hadi Ukerewe

Watu wa Mwanza tunaizungumza Ukerewe kama tunavyozungumza habari za jirani. Machungwa tunayomenya yanatoka huko, dagaa wanatoka huko, na ni vigumu kumpata mtu asiye na shemeji au wifi Mkerewe. Hata hivyo mimi nilikuwa sijawahi kuvuka. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kufuatana na wauguzi waliokuwa wakienda kutoa huduma ya mkoba ya uzazi wa mpango upande wa kaskazini wa kisiwa, niliomba ruhusa kazini siku ileile.

Kilichonisukuma ni barua na simu za wasomaji. Katika miaka niliyoandika habari za afya ya wanawake, hakuna jambo lililorudi mara nyingi kama sindano ya miezi mitatu, ile ambayo wengi huiita depo. Mmoja aliacha kuona siku zake akaamini damu inamganda tumboni. Mwingine alitokwa na matone wiki baada ya wiki hadi ndoa ikaingia maneno. Mwingine alikuwa ameacha sindano akitaka mtoto, miezi inapita, na mawifi wameanza kumsema. Nilipowauliza waliambiwa nini siku ya kwanza, jibu lilikuwa karibu lilelile: nilichomwa, nikapewa tarehe ya kurudi. Nilitaka kukaa mahali sindano inapotolewa, nisikilize kinachosemwa kabla haijaingia mwilini.

Meli ya Nansio huondokea bandari ya Mwanza Kaskazini. Tulipanda asubuhi pamoja na magodoro, mabati, kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Vilima vya mawe vya Mwanza vilipobaki nyuma na ziwa kufunguka, Sista alivuta sanduku lake chini ya benchi akalifungua nilione. Huyu alikuwa muuguzi mkunga, mtu mzima, na sote tulimwita Sista kama wauguzi wengi wanavyoitwa huku kwetu. Nilishangaa kutoona barafu.

“Barafu ni ya chanjo,” alisema. “Dawa hii inakaa kwenye hali ya hewa ya kawaida, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na isiachwe juani. Ndiyo maana inafika hadi visiwani bila jokofu.”

Alinipa kichupa kimoja nikishike. Kimiminika ndani yake kilikuwa cheupe kama maziwa, na dawa yenyewe ilikuwa imetuama chini. Kila kichupa kina miligramu 150 za medroksiprojesteroni, homoni iliyotengenezwa kufanana na ile ambayo mwili wa mwanamke hutoa mwenyewe baada ya yai kupevuka. Ikichomwa kwenye msuli inakaa pale na kuyeyuka polepole kwa miezi mitatu. Katika muda huo inazuia mayai yasipevuke na kutoka, na inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mwanamume zishindwe kupenya. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Sista alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida huku abiria wakipita, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasogea, akakaa, akasikiliza hadi mwisho.

Katikati ya safari upepo ulibadilika na meli ikaanza kuyumba kidogo. Mazungumzo yalipungua. Kila anayesafiri upande huu anaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 kufa maji. Sista alikuwa na ndugu wa rafiki yake katika kivuko kile. Hakusema mengi, ila alisema jambo lililobadilisha namna nilivyoiangalia kadi ya kliniki: kwa mwanamke wa visiwa vidogo, tarehe ya kurudi kuchoma sindano ni tarehe ya kupanda chombo. Ukimwambia arudi, umemwambia avuke maji, atafute nauli, amwache mtoto kwa mtu. Akirudi nyumbani akapata tatizo ambalo hakuelezwa, hana wa kumuuliza hadi avuke tena.

Tulifika Nansio jua likiwa kali. Mji ni mdogo, umejaa baiskeli na bodaboda, na gati lilikuwa limefurika wapokeaji. Tulipumzika kidogo, tukala sato na ugali wa muhogo, kisha tukaendelea kwa gari kuelekea kaskazini. Nilikuwa nimedhania kisiwa ni pori na fukwe. Nilikuta nyumba zinafuatana bila kukatika, mashamba madogo ya mihogo na viazi vitamu yamebanana, michungwa uani, na mawe makubwa yaliyopandana katikati ya mashamba. Ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vipande vimekuwa vidogo. Dereva, mzaliwa wa huko, alinionyesha shamba la babu yake ambalo sasa linalimwa na kaya kadhaa. Alipokuwa akieleza, nilielewa kwa nini wanawake wa hapa wanazungumzia nafasi kati ya mtoto na mtoto wakianzia kwenye shamba.

Tulipita Kagunguli, na hapo nilimkumbuka Aniceti Kitereza. Mkerewe huyu aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilichukua miaka mingi kuchapwa. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House, na mwaka uliofuata mwandishi alifariki. Kiini cha kitabu ni mke na mume wanaopendana wasiopata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anahangaika kumrudisha na kumtafutia dawa hadi watoto wanapatikana. Nilikisoma zamani kama hadithi ya mapenzi. Nikiwa ndani ya gari lililobeba sanduku la sindano za kuzuia mimba, nilikiona upya. Hapa ni mahali ambapo hofu ya kukosa mtoto imeandikwa katika mamia ya kurasa. Mwanamke wa hapa anapokuja kuzuia mimba kwa muda, anakuja akijua vizuri jina atakaloitwa endapo mimba itakawia kurudi.

Asubuhi iliyofuata zahanati ilikuwa imejaa mapema. Wanawake walikaa kwenye mabenchi na kanga chini ya mwembe, wengine na watoto wa kunyonya, mmoja na mama mkwe wake. Bibi mmoja alikuja tu kusikiliza. Alituambia kwamba habari hizi alianza kuzisikia redioni miaka ya tisini, enzi za mchezo wa Twende na Wakati, wakati kijiji kizima kilikuwa kikifuatilia visa vya dereva wa malori aliyeitwa Mkwaju. “Redio ilinifundisha kwamba njia zipo,” alisema. “Ila redio huwezi kuiuliza swali.”

Sista hakuanza na sindano. Alizitandika njia zote mezani: vidonge vya kila siku, kondomu ya kike na ya kiume, kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kitanzi kinachowekwa ndani ya kizazi, kufunga uzazi kwa mwanamke au mwanamume. Alieleza kila moja inadumu muda gani na inaondolewaje. Katika vituo vya serikali huduma hizi hutolewa bila malipo, na alilisema hilo mara mbili. Kisha akashika kichupa akauliza nani amewahi kuisikia depo. Mikono mingi ilinyooka. Akauliza tena, “Mmesikia nini?” Hapo ndipo mazungumzo yakaanza kweli.

Swali la kwanza lilitoka nyuma. “Sista, damu isipotoka inakwenda wapi?”

Nilimwona Sista akivuta kiti akakaa kabisa, kama mtu anayejua kwamba hapa pana kazi. Alieleza kwamba kila mwezi kizazi hujitandikia utando mpya ndani kikisubiri mimba, na mimba isipoingia utando ule hubomoka ukatoka na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Sindano hii hufanya utando ubaki mwembamba. Hakuna kilichojengwa, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Hakuna damu iliyokusanyika mahali popote ikisubiri kutoka, na mwanamke hahitaji dawa ya kusafisha tumbo. Akaendelea na yale ambayo wasomaji wangu hawakuambiwa: katika miezi ya mwanzo damu mara nyingi huvurugika, inaweza kuja matone matone, ikaja siku zisizo zake, ikakaa siku nyingi. Kadiri sindano zinavyofuatana damu hupungua, na wanawake wanapotimiza mwaka, karibu nusu huwa hawaoni siku zao kabisa. Yote hayo ni kazi ya dawa na hayana madhara kwa kizazi. Lakini damu ikitoka nyingi kupita hedhi ya kawaida, au ikaendelea hadi mwanamke akaanza kuchoka na kizunguzungu, arudi; ipo dawa ya kumsaidia, na lazima aangaliwe kama hakuna ugonjwa mwingine.

“Kumbe,” alisema mama mmoja, na wenzake wakamgeukia. Alikuwa ametumia sindano moja tu miaka iliyopita, siku zikakatika, akadhani ni mimba, kisha akadhani ni ugonjwa, akaacha. Mtoto aliyemfuata alikuja kabla mkubwa hajaacha kunyonya. Alisimulia bila kumlaumu mtu. Nilihesabu moyoni maneno ambayo yangemtosha siku ile: hayakuzidi sentensi mbili.

Swali la pili liliulizwa na mama mkwe, kwa upole lakini kwa uthabiti. “Na huyu mwanangu akitaka kuzaa tena, atazaa?”

“Atazaa, mama,” Sista alijibu. “Ila nitakwambia ukweli wote. Atakawia.”

Hii ndiyo sehemu ya safari niliyoiandika kwa makini kuliko zote. Sindano ikishaingia haitolewi. Kijiti kinachomolewa, kitanzi kinatolewa, vidonge vinaachwa; sindano husubiriwa iishe yenyewe, na mabaki yake hukawia mwilini hata baada ya miezi mitatu kupita. Kwa wastani mwanamke aliyeacha hushika mimba miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho, yaani miezi kama minne zaidi ya aliyeacha njia nyingine nyingi. Wapo wanaowahi na wapo wanaovuka mwaka. Idadi ya miaka aliyotumia haiongezi kuchelewa huko, na sindano haimfanyi mwanamke kuwa tasa. Sista alirudia hilo la mwisho akimtazama mama mkwe usoni, kwa sababu alijua ndiye atakayesikilizwa nyumbani miezi ile ya kusubiri. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akamwambia mkwewe, “Umesikia? Ukiacha, hatutakuhesabia miezi.”

Kina mama wakacheka kwa furaha, na mwanamke mmoja kijana akasimama akasema anataka mtoto wa pili mwakani baada ya mavuno, kwa hiyo sindano haimfai. Sista akamwambia ameamua vizuri. Mwanamke yule akaondoka na vidonge na kondomu.

Maswali mengine yalikuja kwa kasi. Kuhusu unene, Sista alisema wanaoongezeka wapo, kwa wastani kilo moja hadi mbili kwa mwaka, wengine zaidi na wengine hawaongezeki kabisa. Wengine huumwa kichwa, matiti hujaa, hamu ya tendo la ndoa hupungua, au moyo huwa mzito bila sababu, na mtu akijiona hivyo aje aseme, asivumilie peke yake. Kuhusu mifupa alieleza kwamba ukiwa unatumia, uzito wa mifupa hupungua kidogo na hurudi ukiacha. Kwa hiyo wasichana ambao mifupa yao bado inakomaa na wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hujadiliana kwanza na mhudumu. Aliwahimiza wale dagaa wazima, maana mifupa ya dagaa ina madini ambayo mifupa ya binadamu inayahitaji, na ziwa limewapa chakula hicho mlangoni.

Kisha tukaingia chumbani, mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Kila mwanamke aliombwa ruhusa kwanza ili niwepo; waliokataa niliwapisha. Kila aliyechagua sindano aliulizwa maswali ya kuhakikisha kwamba si mjamzito: hedhi ilianza lini, amejifungua lini, ananyonyesha, amekutana na mume tangu lini. Anayeanza ndani ya siku saba tangu hedhi ianze analindwa mara moja. Anayeanza siku nyingine, maadamu imehakikishwa hana mimba, hutumia kondomu au hujizuia kwa siku saba za mwanzo. Kisha kila mmoja akapimwa presha. Akaulizwa kama amewahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini, au kutokwa na damu ukeni kusikojulikana sababu.

Hapo niliona kwa nini maswali yale hayarukwi. Mama mmoja mwenye afya ya kuonekana alikutwa na presha ya 170 kwa 110 na hakuwa na habari. Sindano haikumfaa, alipewa rufaa ya matibabu ya presha, akaelezwa kitanzi kisicho na homoni, akakitaka. Mwanamke mwingine alikuwa na mtoto wa wiki tatu anayemnyonyesha. Kwa sindano hii husubiriwa wiki sita baada ya kujifungua, kwa hiyo akaandikiwa tarehe yake. Dada mmoja mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao katika ukanda huu wa ziwa unao watu wengi, alikuja akiamini kwamba amekatazwa kila kitu. Sista alifurahi kumwambia kwamba sindano hii inaruhusiwa kwake, na zipo tafiti zinazoonyesha kwamba huenda ikapunguza maumivu ya mara kwa mara ya ugonjwa huo. Dada yule alilia kidogo, akafuta uso, akatoa mkono.

Uchomaji wenyewe ulikuwa mfupi. Kichupa kilitikiswa vya kutosha hadi dawa yote ikachanganyika, sindano mpya ikafunguliwa mbele ya mteja, ikaingia juu ya mkono. Mkono unapomuwasha mtu huupapasa, lakini Sista aliwakataza wote wasisugue mahali pale, kwa sababu kusugua hufanya dawa isambae upesi na muda wake ufupike. Sindano iliyotumika ikaingia kwenye boksi la usalama. Kadi ikaandikwa.

Alasiri tulishuka hadi mwaloni, mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya vichanja na mchangani, weupe hadi ukingo wa maji, na harufu yao ilikuwa imeshika kila kitu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, na wavuvi hurudi nyumbani. Wake wengi huhama pamoja na kambi, leo mwalo huu, mwezi ujao kisiwa kingine. Kwa watu hawa tarehe ya kliniki hupotea kirahisi.

Sista alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, wanawake wakamzunguka na kadi zao. Aliwafundisha jambo ambalo wengi hawakulijua: tarehe ya kadi ina upana. Sindano inaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla, kama unajua utasafiri. Na ukichelewa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu ichomwe hadi wiki nne baada ya tarehe bila kuhitaji kinga ya ziada. Baada ya hapo unaanza kuulizwa upya na huenda ukapimwa mkojo. “Kwa hiyo usikae nyumbani kwa aibu ya kuchelewa,” aliwaambia. “Njoo. Sitakugombeza.” Mwanamke aliyekuwa amepitiliza wiki mbili, na ambaye alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, akasogea mbele akachomwa.

Kuchelewa huku ndiko kunakoipunguzia sindano nguvu. Kati ya wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka mmoja, 4 hivi hushika mimba, wengi kwa sababu ya kupitisha tarehe. Wanaochoma kwa wakati, hafiki hata mmoja katika 100.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu aliuliza swali ambalo wanawake hawakuuliza. “Sista, nasikia sindano hiyo inaleta UKIMWI.” Sista alimshukuru kwa kuuliza. Alimwambia kwamba shaka hiyo iliwahi kuwashughulisha hata wataalamu, na jibu lilitafutwa pamoja na wanawake wa ziwa hilihili, upande wa Kisumu. Kati ya mwaka 2015 na 2018, wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini walifuatiliwa, wakiwa wamegawanywa kati ya sindano, kitanzi na kijiti. Matokeo yalitoka Juni 2019: hapakuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Lakini wanawake 397 miongoni mwao walipata VVU katika muda ule, kwa njia zote. “Maana yake,” alisema, “sindano hailetei mtu ugonjwa, na haimkingi mtu na ugonjwa. Kinachokinga ni kondomu.” Alitoa boksi la kondomu akaliweka juu ya mtumbwi, na kabla hatujaondoka lilikuwa limepungua sana.

Usiku, katika nyumba ya wageni Nansio, tulizungumza hadi umeme ukakatika. Nilimuuliza Sista kuhusu wanawake wanaochoma kwa siri. Alisema wapo wengi, na kwamba usiri ni sababu mojawapo ya sindano kupendwa: haionekani, haina pakiti ya kuficha chini ya godoro. Huwashauri wazungumze na waume zao pale panapozungumzika, na huwatunzia siri pale pasipozungumzika. Kadi za baadhi yao hukaa zahanati. Nakubaliana naye kabisa.

Tulizungumza pia historia. Sindano hii imewahi kutumiwa vibaya katika bara letu. Katika Rhodesia ya walowezi, wanawake Waafrika wa mashambani walichomwa wengi bila kuelezwa, hadi Zimbabwe ilipopata uhuru na serikali mpya ikaipiga marufuku mwaka 1981. Na ipo habari mpya ambayo mwanamke anastahili kuijua: utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 uliona kwamba wanaotumia sindano hii kwa mwaka mmoja au zaidi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aina moja ya uvimbe kwenye utando wa ubongo, ambao kwa kawaida si saratani. Uvimbe huo ni nadra, na hata ukiongezeka unabaki nadra. Sista huwaambia wateja kwamba kichwa kikiuma kwa namna isiyo ya kawaida na kisiishe, au macho yakianza kufifia, wasinyamaze.

Mambo mengine yanaelekea pazuri. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004 huko Nakasongola, wahudumu wa afya wa vijijini walijifunza kuchoma sindano hii majumbani, na ilithibitika kuwa wanaiweza. Sasa ipo aina ya miligramu 104 yenye sindano fupi, inayochomwa chini ya ngozi, ambayo mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe. Malawi ilijaribu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliofundishwa kujichoma, asilimia 73 walikuwa wakiendelea baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 45 ya waliotegemea kuchomwa na mhudumu. Nikifikiria upepo wa ziwa na nauli ya chombo, naona wazi faida yake kwa mwanamke wa Ukara. Lakini huyo atakayejichoma peke yake nyumbani atahitaji maelezo zaidi ya anayechomwa zahanati.

Nilirudi Mwanza na jibu la swali nililovuka nalo. Maelezo yote ya chini ya mwembe, pamoja na maswali, yalimalizika kabla foleni ya kupima presha haijafika nusu. Hayakuhitaji mashine, wala daktari bingwa, wala fedha. Yalihitaji muuguzi anayekaa kitini na kuamini kwamba mkulima wa mihogo anaweza kuuelewa mwili wake mwenyewe. Kila mwanamke, kabla ya kutoa mkono, ana haki ya kujua kwamba damu yake itabadilika na kwa nini, kwamba mtoto atakuja lakini atakawia, kwamba uzito na hisia huenda vikasogea, kwamba tarehe ina upana, kwamba kondomu bado ina kazi, na kwamba anaweza kuchagua njia nyingine au asichague yoyote. Ukifika zahanati na hayo hayajasemwa, uliza kabla kichupa hakijafunguliwa. Na mhudumu akikosa muda wa kujibu, subiri apate muda. Dawa hii ikishaingia hukaa mwilini miezi mitatu au zaidi, nawe utakaa nayo.